Rangi Mpya ya Motokari: Imekauka, Lakini Haijakomaa

Motokari ikigongwa ubavuni, habari huenea upesi mtaani. Ikitoka garaji imenyooshwa na kupakwa rangi mpya, habari huenea upesi zaidi. Watoto huja kujitazama mlangoni kama katika kioo. Jirani hupitisha kiganja juu ya boneti na kusema: "Kweli, fundi huyu ana mkono!" Mwenye motokari naye moyo wake hutulia. Fedha zimetoka, lakini kazi imeonekana.

Walakini ukiitazama motokari ile ile baada ya miezi sita, pengine utashangaa. Palepale penye rangi mpya mng'ao umekwisha. Mikwaruzo myembamba imeenea kama utando wa buibui. Hapa pana doa la duara, pale pana lengelenge, na chini ya mlango kutu imeanza kuchungulia. Hapo mwenye mali humrudia fundi kwa hasira: "Umenipaka rangi mbaya!" Yawezekana ni kweli, maana mafundi wabaya wapo. Lakini mara nyingi rangi ilikuwa njema, na fundi alifanya kazi yake kwa uaminifu. Kilichokosekana ni utunzaji wa majuma manne ya kwanza.

Jambo hili si la matajiri peke yao. Kwa jamaa nyingi za Bukavu, Lubumbashi, Kolwezi au Goma, motokari moja ndiyo shamba lao. Ndiyo iletayo karo ya watoto. Ndiyo ibebayo mizigo ya soko. Ndiyo inayowashwa usiku wa manane mama mjamzito akishikwa na uchungu. Rangi yake si pambo tu. Ni nguo inayozuia maji yasiguse chuma. Nguo ikitoboka, chuma huliwa; na chuma kilichokwisha kuliwa, hakuna rangi itakayokirudisha.

Basi tuone pamoja kwa nini rangi mpya ni dhaifu, na namna ya kuilea mpaka ipate nguvu zake.

KUKAUKA NI JAMBO MOJA, KUKOMAA NI JINGINE

Ukigusa rangi mpya kwa kidole na kidole kisinate, wasema: "Imekauka." Umesema kweli. Lakini kukauka si kukomaa. Wajenzi wa nyumba walijua neno hili zamani. Zege lililomwagwa leo, kesho laweza kukanyagwa. Hata hivyo wajenzi huhesabu siku 28 ndipo wapime nguvu zake. Kwa macho hakuna tofauti kubwa kati ya zege la siku chache na zege la siku 28. Tofauti imo ndani.

Ndivyo ilivyo rangi ya motokari. Ndani yake mna vitu vitatu: unga unaotia rangi, gundi inayoushika unga huo, na majimaji ya kuyeyushia, ambayo mafundi wengi huyaita tina. Fundi akiisha kupuliza rangi kwa bastola yake, majimaji yale huanza kupaa hewani. Yaliyo juu hutangulia. Hapo ngozi nyembamba hufanyika juu, kama ile inayofanyika juu ya uji uliotulia bakulini, na chini yake rangi ingali laini. Majimaji yaliyosalia ndani hutafuta njia ya kutoka polepole, siku kwa siku.

Tena rangi nyingi za siku hizi hazikaushwi na hewa tu. Kabla ya kupuliza tabaka la juu, yaani vanishi angavu, fundi huichanganya na dawa ya kukazia. Vitu hivyo viwili vikikutana, chembe zake hushikana hata zikawa kama wavu mmoja mgumu. Kazi hiyo huanza upesi, lakini haimaliziki kwa siku moja. Na baridi huichelewesha. Lubumbashi iko juu kiasi cha mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi kweli. Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, iko juu kiasi cha mita 1,500. Rangi iliyopulizwa wakati wa baridi yahitaji siku nyingi kuliko iliyopulizwa wakati wa joto.

Pengine utauliza: "Mbona motokari mpya itokayo kiwandani haihitaji kungojewa hivyo?" Sababu ni hii. Kiwandani bodi hupakwa rangi ingali tupu, haijatiwa matairi, wala viti, wala petroli. Kwa hiyo huingizwa katika tanuri kubwa na kuokwa kwa joto la nyuzi 140 hivi. Rangi hutoka humo ikiwa imekomaa. Motokari iliyo kamili haiwezi kuokwa hivyo: plastiki ingepindika, nyaya zingeharibika, na tangi lingekuwa hatari. Garaji kubwa zina chumba cha hewa ya moto, nyuzi 60 hivi, ambamo motokari hukaa yapata nusu saa. Garaji nyingi za mitaa yetu hazina chumba hicho. Tanuri lao ni jua. Basi rangi ya garaji hufika nyumbani ingali changa, na mwenye motokari ndiye mlezi wake.

Hapo kale watu hawakudanganyika katika jambo hili. Motokari za kwanza zilipakwa rangi na vanishi kwa burashi, tabaka juu ya tabaka, na kazi hiyo ilichukua majuma kadha wa kadha kabla ya mnunuzi kupewa mali yake. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ya Marekani ilionyesha motokari za Oakland zilizopakwa rangi ya namna mpya iliyoitwa Duco, kazi ya kampuni ya DuPont. Rangi hiyo ilipulizwa, ikakauka upesi sana. Tangu hapo tumezoea haraka. Lakini tufikiri vizuri: katika kazi za garaji kungoja hakukuondolewa, kumehamishwa tu. Zamani motokari ilingoja kwa fundi; leo inangoja nyumbani kwako.

KABLA YA KUONDOKA GARAJI

Usiichukue motokari jioni, chini ya taa. Iendee mchana, iwekwe penye mwanga mwema, nawe uizunguke polepole. Tazama kama rangi mpya yalingana na ya zamani iliyo jirani yake. Kisha inama, utazame ubavu kwa upande, kama fundi seremala anavyotazama unyofu wa ubao.

Ukiona uso una vijibonde kama ganda la chungwa, au rangi imetiririka kama machozi, au pana vishimo vya duara vinavyofanana na macho ya samaki, mwambie fundi siku ile ile, kwa upole. Vishimo vile mara nyingi husababishwa na mafuta au nta iliyosalia juu ya bodi kabla ya kupuliza. Makosa mengine, kama punje za vumbi zilizonaswa, fundi aweza kuyalainisha kwa msasa mwembamba sana na kusugua, rangi ikiisha kupata nguvu. Wewe usijaribu kazi hiyo mwenyewe. Tabaka zote za rangi ya kiwandani, tangu chuma hadi juu, aghalabu ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au kupita kidogo. Vanishi ya juu peke yake ni nyembamba kuliko unywele. Mkono usiozoea huipenya bila kujua.

Kisha uliza maswali, tena usione haya. Mazungumzo ya mtu mwenye busara na fundi wake yaweza kuwa hivi:

— Fundi, rangi imekauka?

— Imekauka, mzee.

— Basi Jumamosi naweza kuipaka nta, ing'ae kwa arusi ya mtoto wa kaka yangu?

— Hapana, mzee. Ngoja mwezi mzima. Mimi nimeikausha, kuikomaza ni kazi yako.

— Na kuosha je?

— Ipe juma moja kwanza. Halafu maji safi na mkono wako tu.

Fundi anayejibu hivyo anastahili kusikilizwa. Kila kiwanda cha rangi kina kanuni zake, na kuna rangi zinazotaka kungojewa miezi miwili au mitatu. Neno la fundi anayeijua rangi aliyoitumia lina nguvu kuliko maneno ya gazeti.

Muulize pia juu ya sehemu isiyoonekana. Mahali palipochomelewa kwa moto, rangi ya zamani iliyokuwa ndani ya mlango au ndani ya ubavu imeungua. Je, fundi amepaka dawa ya kuzuia kutu upande ule wa ndani? Kama hakupaka, uzuri wa nje ni kama ukuta uliopakwa chokaa huku mchwa wamo ndani.

Mwisho, andika namba ya rangi. Motokari nyingi zina kibati au karatasi ndogo yenye namba hiyo, aghalabu kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Omba na rangi kidogo iliyosalia, itiwe katika chupa ndogo ya kioo iliyozibwa sana. Lakini iwe haijachanganywa na dawa ya kukazia, kwa maana iliyochanganywa hugeuka jiwe baada ya saa chache.

Neno moja zaidi kwa ajili ya afya. Fundi anapopuliza, wewe usisimame karibu, wala watoto wako. Katika dawa nyingi za kukazia mna kemikali ziitwazo isosianati. Mvuke na matone yake yakiingia mapafuni huweza kuleta pumu, na mtu aliyekwisha kupatwa nayo aweza kubanwa kifua kila akaribiapo kazi hiyo. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Fundi ahitaji kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Enyi vijana mnaotaka kujifunza ufundi huu, likumbukeni neno hili tangu siku ya kwanza.

MAJUMA MANNE YA MALEZI

Siku mbili za kwanza rangi haitaki kitu ila kuachwa. Usiimwagie maji. Usiiegemee. Usiweke kapu la soko juu ya boneti, wala usifunge mzigo kwa kamba inayopita juu ya rangi mpya. Watoto waambiwe wasiandike majina yao kwa kidole.

Juma la kwanza, usiioshe isipokuwa kwa kuondoa doa lenye kudhuru. Utaona vumbi limetua, liache. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote. Hutwaa kitambaa kikavu, wakapangusa kwa bidii. Lakini vumbi ni nini? Ni mawe madogo. Katika udongo mwekundu wa barabara zetu mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi, hata rangi iliyokomaa. Kitambaa kikavu juu ya vumbi ni msasa. Kila upangusapo wakata mistari myembamba, na siku jua likiiangazia utaiona yote.

Mvua ikinyesha baada ya siku hizo mbili, usiogope sana. Mvua yenyewe haiiharibu rangi. Hatari ni matone kukauka juu yake chini ya jua kali, yakaacha alama. Mwagia maji safi, kisha ukaushe kwa kuweka kitambaa laini juu ya maji na kukiinua, bila kusugua.

Ukitaka kuisitiri motokari, iweke chini ya paa lenye kupitisha hewa. Usiifunike kwa hema la plastiki. Rangi changa ingali ikitoa majimaji yake. Ukiifunika wayafungia ndani pamoja na unyevu wa usiku. Tena upepo hulitikisa hema, nalo husugua vumbi juu ya rangi mchana kutwa.

Wenye teksi hupenda kuandika au kubandika maneno ya hekima juu ya motokari zao. Ni desturi nzuri, lakini juu ya rangi mpya maneno hayo yangoje. Karatasi yenye gundi huzuia rangi kupumua, na siku utakapoibandua yaweza kutoka na ngozi.

Na barabara? Si kila mtu aweza kuchagua barabara ya lami. Ikiwa huna budi kupita barabara ya changarawe, nenda polepole, ukae mbali na lori lililo mbele yako. Kijiwe kilichorushwa na gurudumu lake huipiga rangi changa kama risasi ndogo.

NAMNA YA KUOSHA

Juma la kwanza likipita, waweza kuosha, lakini kwa mkono tu. Mashine zenye burashi zinazozunguka hazifai katika mwezi wa kwanza. Vilevile bomba la maji yenye nguvu nyingi laweza kuinua ukingo wa rangi mpya pale inapokutana na ya zamani.

Andaa ndoo mbili. Katika ya kwanza tia maji na sabuni ya motokari, au sabuni nyingine ya maji iliyo laini, kidogo tu. Katika ya pili tia maji matupu. Iweke motokari kivulini, ungoje bodi ipoe. Kisha mwagia maji mengi tangu juu hadi chini, ili vumbi liondoke lenyewe kabla mkono haujagusa.

Halafu chovya kitambaa laini cha pamba katika sabuni, uoshe kuanzia paa, kisha vioo, kisha boneti na milango. Pitisha kitambaa kwa mistari iliyonyooka, wala usizungushe. Kila mara, kabla ya kukirudisha katika sabuni, kisuuze katika ndoo ya pili. Utastaajabu kuona mchanga uliokaa chini ya ndoo hiyo. Mchanga huo, kama ungekuwa na ndoo moja tu, ungerudi wote juu ya rangi yako. Magurudumu na sehemu za chini osha mwisho, kwa kitambaa kingine. Kitambaa kikianguka chini, usikitumie tena mpaka kimefuliwa.

Wengine hupeleka motokari mtoni, wakaisugua kwa sabuni ya unga ya kufulia na burashi ngumu. Twawasihi waache. Sabuni ya nguo ni kali kwa rangi changa, na maji ya mto mara nyingi yana mchanga. Tena mafuta na uchafu wa motokari hushuka na maji hayo mpaka pale mama zetu wanapoteka ya kunywa. Uzuri wa mali yako usiwe ugonjwa wa jirani.

Usisahau sehemu za gizani. Matope yaliyoganda ndani ya mabawa ya magurudumu hushika unyevu siku nyingi, kama kitambaa kilicholowa. Yaondoe kwa maji na mkono. Chini ya milango mna vitundu vidogo vya kutolea maji. Ukiona vimezibwa na udongo, vizibue taratibu kwa kijiti. Mlango unaoshika maji ndani huoza kutoka ndani, na rangi ya nje hupasuka bila kosa la mpakaji.

MAADUI WATOKAO JUU

Kivuli cha mti chapendeza mchana, lakini kwa rangi mpya ni kivuli cha hatari. Ndege na popo hupenda mti ule ule. Kinyesi cha ndege kina asidi. Kikikaa juu ya bodi iliyopata joto la jua, rangi hulainika, nacho huacha alama isiyotoka. Usikikwangue. Lowesha kitambaa kwa maji ya sabuni, kiweke juu ya doa kwa dakika chache, kisha uinue taratibu na kusuuza. Fanya hivyo siku ile ile, hata katika juma la kwanza, maana hapo madhara ya kungoja ni makubwa kuliko madhara ya maji. Kadhalika utomvu wa mwembe, na wadudu waliopondeka mbele ya motokari katika safari ya usiku.

Watu wa Goma wana maadui wengine. Milima ya moto ya Nyiragongo na Nyamulagira hutoa moshi wenye gesi ya kiberiti. Gesi hiyo ikikutana na mvua, maji huwa na asidi. Tena lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo mwezi wa Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na vumbi la mawe yale meusi ni kali kama kioo kilichosagwa. Huko kumwagia maji safi mara kwa mara, bila kusugua, ni ulinzi bora kuliko kungoja siku ya kuosha.

Maadui wengine hutoka mikononi mwetu wenyewe. Petroli ikimwagika ubavuni wakati wa kujaza tangi, mwagia maji mengi mara moja. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi: hula rangi upesi. Mtu anayetengeneza breki asishike mlango kabla ya kunawa.

NTA INGOJE ZAMU YAKE

Nta ni rafiki wa rangi, lakini rafiki akija kabla ya wakati huwa mzigo. Kazi yake ni kuziba uso ili maji na uchafu visishike. Rangi iliyokomaa hufaidika. Lakini rangi changa ingali ikitoa majimaji yake. Ukiiziba, waichelewesha kukomaa, na mng'ao waweza kufifia. Kwa hiyo hesabu siku 30 kwa uchache, au zaidi kama fundi alivyosema, hasa ikiwa rangi ilikaushwa nje bila chumba cha moto.

Siku ikifika, osha vizuri kwanza, ukaushe. Nta ya motokari iliyo maarufu hutoka katika majani ya mnazi wa namna nyingine, uitwao karnauba, unaomea kaskazini-mashariki mwa Brazili. Nta hiyo ni ngumu, nayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80; kwa sababu hiyo hustahimili jua. Paka kidogo tu kivulini, sehemu moja moja, kisha ung'arishe kwa kitambaa safi. Nta nyingi haileti mng'ao mwingi. Huleta kazi nyingi. Mara tatu au nne kwa mwaka yatosha.

JERAHA DOGO LISIDHARAULIWE

Hata ukiitunza sana, siku moja kijiwe kitabandua rangi kidogo kama punje ya mtama. Wengi husema: "Ni kidogo, tutaona mbele." Lakini chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa. Na kutu hutwaa nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo huisukuma rangi iliyo kando yake, huiinua na kuingia chini yake. Tundu la punje ya mtama huwa la sarafu, kisha la kiganja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hapa ile chupa ndogo ya rangi uliyoomba garajini itakufaa. Osha mahali pale, ukaushe kabisa. Kama kutu imeanza, iondoe kwanza kwa ncha ya msasa. Kisha, kwa burashi ndogo sana, tia tone jembamba. Likikauka, tia la pili. Halitakuwa zuri kama kazi ya fundi, lakini litafunga mlango wa maji mpaka fundi apatikane.

KANUNI ZA KUNAKILI

Wanafunzi wanaweza kuzinakili kanuni hizi na kuzibandika karibu na mahali panapotunzwa ufunguo wa motokari ya baba:

1. Siku 2 za kwanza: usiguse, usimwagie maji.

2. Juma la kwanza: usioshe, usipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu.

3. Mwezi wa kwanza: osha kwa mkono, kivulini, kwa ndoo mbili.

4. Usifunike kwa plastiki, usibandike karatasi.

5. Usiegeshe chini ya mti. Kinyesi cha ndege na petroli viondolewe mara moja.

6. Nta baada ya siku 30 au zaidi, kwa neno la fundi.

7. Jeraha dogo lizibwe juma lile lile.

Tazama, ndugu wasomaji: katika kanuni hizi karibu zote hakuna inayodai fedha nyingi. Zadai maji safi, kitambaa laini, ndoo mbili, na moyo wa kungoja. Fedha zimekwisha kulipwa garajini. Mtu anayekosa subira ya mwezi mmoja huzilipa mara ya pili, na safari hii pengine atazitoa katika karo ya mtoto. Yule anayengoja ataiona motokari yake ikipita masika moja, na nyingine, na nyingine tena, nacho chuma kingali kizima chini ya nguo yake.